Uvimbe mkubwa wa ala ya neva kando ya uti wa mgongo: mwongozo kamili wa mgonjwa na anayemuuguza

Familia nyingi hukwama mahali palepale. Mgonjwa amepiga MRI (kipimo cha picha kwa mashine ya sumaku) bila dawa ya kung'arisha picha, ripoti imetaja uvimbe kando ya pingili, wiki zinapita akizunguka na bahasha, na siku anapomfikia daktari bingwa anaambiwa arudie kipimo. Mwingine amefanyiwa upasuaji mzuri kabisa, kisha siku ya tatu ndugu wanamkalisha kwa kumvuta mikono, na kidonda kinaanza kuvuja. Mwongozo huu unaziba mianya hiyo. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakusaidia kujua cha kumuuliza ukiwa mbele yake, na cha kufanya ukiwa wodini na nyumbani.

Kwanza tuelewane ni uvimbe gani. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo zimevikwa ala, na uvimbe huu huota kwenye ala hiyo. Aina kuu ni mbili. Shwanoma hukua pembeni mwa neva na kuzisukuma nyuzi kando, kwa hiyo mara nyingi hutolewa na neva ikabaki. Neurofibroma hukua pamoja na neva yenyewe, nyuzi zikipita ndani yake kama utambi ndani ya mshumaa, na kuitoa bila kukata nyuzi ni kazi ngumu zaidi.

Madaktari huuita mkubwa unapovuka urefu wa pingili mbili, au sehemu iliyotoka nje ya tundu la neva, yaani upenyo kati ya pingili ambamo neva hutokea, inapozidi sentimita 2.5, au unapoila pingili yenyewe. Mwingi wa aina hii una umbo la kibuyu kilichobanwa kiunoni: tumbo moja limo ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, kiuno kimepita kwenye tundu la neva, na tumbo la pili liko kifuani, shingoni au nyuma ya tumbo. Kwa kawaida si saratani, na hausambai. Lakini ukiugandamiza ugwe mgongo, yaani ile kamba ya fahamu inayopita katikati ya pingili, unapoozesha miguu vilevile.

## Vya kukusanya kabla ya lolote

- CD ya picha za MRI, si ripoti ya karatasi peke yake. Daktari wa upasuaji anahitaji kupitia picha moja moja. Tengeneza nakala mbili.
- Picha za CT za eneo hilo na X-ray zozote za zamani. Picha ya miaka mitatu nyuma inaonyesha kasi ya kukua, na hilo halipatikani kwa kipimo kingine.
- Majibu ya damu: picha kamili ya damu, kundi la damu, kazi ya figo, sukari, kuganda kwa damu.
- Orodha ya dawa zote pamoja na dozi zake, na dawa za mitishamba pia.
- Barua ya rufaa, kadi ya bima na makadirio ya gharama kwa maandishi. Uliza mapema kama bima inalipia skrubu za mgongo, kwa kuwa hizo ndizo huwashtua watu dakika za mwisho.
- Wachangia damu. Kwa uvimbe mkubwa wa kifuani au tumboni usishangae ukiombwa chupa 2 hadi 4.
- Vya nyumbani: shuka imara la kumgeuzia mgonjwa, mito mitatu, kiti cha choo.
- Daftari moja. Kila mabadiliko ya nguvu, ganzi na mkojo yaandikwe na tarehe yake.

## Hatua ya 1: Tambua dalili isiyosubiri

Maumivu ya uvimbe huu hufuata njia ya neva moja: yanazunguka ubavu kama mkanda, au yanashuka mkononi au mguuni. Mara nyingi huzidi usiku mtu anapolala, tofauti na mgongo wa kuchoka ambao hupoa ukilala.

Miguu ikianza kuwa mizito, ndara zikichomoka miguuni bila wewe kuhisi, ukiyumba gizani, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, au ganzi ikishika sehemu zinazogusa tandiko unapokaa, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda idara ya dharura siku hiyohiyo, kwenye hospitali yenye madaktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) kwa walio Dar es Salaam au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa walio Nairobi.

Sababu ni moja, na ni nzito: nguvu uliyonayo siku unayoingia chumba cha upasuaji ndiyo inayotabiri zaidi nguvu utakayobaki nayo. Anayeingia akitembea, kwa kawaida hutoka akitembea. Aliyepooza kwa miezi huenda asirudi alikokuwa hata uvimbe ukitolewa wote.

Usikubali kukandwa wala kunyooshwa mgongo. Uvimbe hauchuliki, na mkunjo wa ghafla huweza kuubana ugwe uliokwisha kubanwa.

## Hatua ya 2: Pata picha kamili kwa safari moja

Mwombe daktari aandike kwenye fomu mambo matatu: eneo, dawa ya kung'arisha picha (watu wa radiolojia huiita kontrasti), na kwamba picha zifike mwisho wa uvimbe pande zote. Bila la tatu, mashine hupiga uti wa mgongo na kukata tumbo la nje la kibuyu, na hilo ndilo linaloamua mtu apasuliwe kwa nyuma, ubavuni au tumboni.

Kipimo cha figo kifanyike kabla ya sindano hiyo. Mwenye figo zilizochoka sana, mjamzito, mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme kabla hajaingia kwenye mashine.

CT huongezwa ili kuona mfupa: tundu la neva lililopanuka, pingili iliyochimbwa kwa kingo laini. Kwa uvimbe wa shingoni, CT ya mishipa ya damu ni ya lazima, kwa sababu ateri inayopeleka damu sehemu ya nyuma ya ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na huenda imesukumwa au imezungukwa.

Umefaulu hatua hii ikiwa daktari bingwa anaweza kukuonyesha kwa kidole uvimbe unaanzia pingili ipi, unaishia ipi, na umegusa nini.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni wenyewe

Katika nchi zetu kosa la kawaida ni kuuita TB ya mgongo na kumwanzishia mtu dawa za miezi mingi. TB kwa kawaida hula pingili na gegedu la kati yake, na huacha usaha. Uvimbe wa ala ya neva hupanua tundu polepole na kuacha mfupa laini. Picha nzuri hutenganisha mambo haya mara nyingi.

Je, kipimo cha kinyama kwa sindano ni lazima? Hapana. Shwanoma yenye sura yake halisi haihitaji kuchomwa, na sindano inauma sana maana inaingia kwenye neva. Kinyama huchukuliwa pale panapokuwa na shaka ya saratani: uvimbe uliokua haraka, maumivu yasiyotulia usiku na mchana, nguvu inayopungua kwa kasi, hasa kwa mwenye neurofibromatosisi, yaani ugonjwa wa kurithi unaootesha vivimbe vingi kwenye neva.

Kuna vivimbe viwili visivyopaswa kuchomwa sindano kwa kubahatisha. Cha kwanza ni paraganglioma, kinachomwaga homoni za presha. Mgonjwa mwenye presha ya kupanda ghafla, jasho na moyo kwenda mbio apimwe homoni hizo kwanza. Cha pili ni malengelenge ya maji yanayotokana na tegu wa mbwa, ambayo yanajulikana kwa wafugaji wa Turkana. Yakipasuka huweza kuleta mzio mkali wa kuua. Ukiishi na mifugo na mbwa, mwambie daktari.

## Hatua ya 4: Kukata au kufuatilia, na maswali ya kuuliza

Uvimbe mdogo usioleta dalili waweza kufuatiliwa kwa MRI. Uvimbe mkubwa unaobana ugwe, unaoleta udhaifu au unaokua kwa uthibitisho wa picha, hukatwa. Dawa za kumeza haziupunguzi shwanoma ya kawaida, na mionzi huachiwa hali maalumu ambazo kisu hakifai.

Keti na daktari ukiwa na daftari, uulize haya:

1. Mtaingilia wapi? Uvimbe wa kibuyu unaweza kutolewa wote kwa nyuma, au ukahitaji njia mbili. Kama una njia mbili, uliza daktari wa kifua au wa mishipa ya damu atakuwepo.
2. Mtaanza na sehemu ipi? Kawaida ya busara ni kuanza na iliyo ndani ya mfereji. Ukianza kuvuta ile ya kifuani huku ya ndani bado imeshikamana na ugwe, unauvuta ugwe wenyewe, na utando wake unaweza kuchanika mahali usipopaona.
3. Ni neva ipi, na ikikatwa nitapoteza nini? Neva za kifuani huacha ukanda wa ganzi ubavuni na maisha yanaendelea. Neva za mkono (shingo ya chini) na za mguu (kiuno) ni habari nyingine kabisa.
4. Mtatumia kipimo cha umeme wa neva wakati wa upasuaji? Kama hakipo, mtachukua tahadhari gani?
5. Nitahitaji skrubu?
6. Mko tayari kuacha kipande kama kutoa chote kutapoozesha?

Swali la sita lina jibu zuri, na jibu hilo ni "ndiyo". Kipande kilichobaki cha uvimbe usio saratani hukua taratibu na huweza kufuatiliwa. Mguu uliopooza ili picha ionekane safi haurudishwi na mtu. Daktari anayekuahidi kutoa wote kwa hali yoyote ile anastahili swali la pili.

## Hatua ya 5: Wiki za mwisho kabla ya upasuaji

Aspirini kwa kawaida husimamishwa siku 7 kabla, na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda huwa na siku zake. Usisimamishe mwenyewe. Mwenye moyo au aliyepata kiharusi aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziulizwe. Dawa za mitishamba ziachwe wiki 2 kabla, maana nyingine huongeza kutoka damu na hakuna wa kujua dozi yake. Sigara iachwe walau wiki 4.

Mwenye selimundu aseme mapema, kwani usingizi wa dawa, baridi na upungufu wa maji huamsha ugonjwa. Upungufu wa damu na sukari iliyopanda virekebishwe kabla ya siku yenyewe.

Chakula: saa 6 bila kula, saa 2 bila maji. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Wagonjwa huahirishwa kwa kikombe kimoja alfajiri, na sababu ni ya kweli: kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni wakati wa nusukaputi.

## Hatua ya 6: Yanayotendeka chumba cha upasuaji

Mgonjwa hulazwa kifudifudi, macho yakilindwa na tumbo likiachwa lining'inie bila kubanwa. Tumbo likibanwa, vena zinazozunguka uti wa mgongo hujaa damu na eneo la kazi hugeuka dimbwi. X-ray ya pale pale huthibitisha pingili kabla ya kukata, maana kuhesabu kwa kidole mgongoni hupotosha, hasa kifuani.

Mfupa wa nyuma wa pingili hufunguliwa, na inapobidi kiungo cha pembeni huondolewa ili kuufikia uvimbe kwenye tundu la neva. Kama sehemu moja imo ndani ya utando wa ugwe, utando hupasuliwa chini ya hadubini.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Uvimbe mkubwa haung'olewi mzima kama muhogo, kwa sababu ukiuvuta hivyo mizizi ya neva hufuata. Daktari hugusa ganda lake kwa kijiti cha umeme akitafuta mahali pasipojibu kwa mtikisiko wa msuli. Hapo hapana nyuzi zinazofanya kazi, na hapo ndipo anapopasua. Kisha huutoa utumbo wa uvimbe kwa ndani, kidogo kidogo, kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosaga na kufyonza, mpaka ganda linanywea kama puto lililoishiwa upepo. Likishanywea hujitenga na ugwe, ateri na mapafu, na nyuzi nzima za neva huonekana zimetandazwa juu yake kama nywele zilizolowa. Husukumwa kando moja moja. Mara nyingi ni uzi mmoja au miwili tu unaoingia kwenye uvimbe wenyewe. Uzi huo hupimwa tena kwa umeme, na usipojibu hukatwa.

Utando hushonwa usipitishe maji, mara nyingi ukiongezewa kipande cha mafuta ya mwili au gundi ya tishu, kisha mtaalamu wa usingizi hupandisha shinikizo la kifua kwa sekunde kadhaa ili kuona kama unavuja. Kiungo cha pembeni kikiondolewa chote, hasa shingoni na kiunoni, skrubu na vyuma vya titani huwekwa ili pingili zisije zikateleza baadaye.

Kazi hii huchukua saa nyingi. Kuchelewa kutoka hakumaanishi kuna jambo baya.

## Hatua ya 7: Saa 72 za kwanza

Kazi ya anayeuguza hapa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kila unapoingia, mwambie mgonjwa asogeze vidole vya miguu na kusukuma kiganja chako kwa unyayo, mmoja mmoja. Andika saa.

Mwite muuguzi papo hapo ukiona:

- Mguu uliokuwa ukisogea umeanza kushindwa. Damu huenda imekusanyika na inaugandamiza ugwe. Inabidi irudiwe kufunguliwa haraka, na kila saa ina thamani. Usiambiwe "ni dawa za usingizi" ukakubali kama jana alisogeza.
- Maji meupe kwenye bandeji, au kichwa kinachouma akiinuliwa na kupoa akilala. Ni maji ya uti wa mgongo yanavuja.
- Homa pamoja na shingo kukaza na kuogopa mwanga.
- Shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, au pumzi imekata ghafla. Huenda ni bonge la damu.
- Tumbo la chini limejaa na mkojo hautoki baada ya mpira wa mkojo kutolewa.

Mwenye bomba la kifuani: chupa ikae chini ya usawa wa kifua daima, hata anapopelekwa X-ray. Kama utando wa ugwe ulifunguliwa, muulize daktari kama bomba linapaswa kufyonzwa kwa mashine, kwa kuwa mvuto huo unaweza kuyavuta maji ya uti wa mgongo kuingia kifuani na kuzuia tundu lisizibe.

Kope moja kulegea na mboni kuwa ndogo upande huo, baada ya upasuaji wa shingo ya chini au kifua cha juu, ni kuguswa kwa neva zipitazo hapo. Mweleze daktari, lakini usidhani ni kiharusi moja kwa moja.

## Hatua ya 8: Kumgeuza bila kumpinda

Watu watatu. Kila saa 2 kwa asiyeweza kujigeuza.

Mto mmoja uwekwe kati ya magoti. Mikono ya mgonjwa ikunjwe kifuani. Mmoja ashike kichwa na shingo, wa pili bega na kiuno, wa tatu nyonga na miguu, wote upande mmoja wakiwa wameshika shuka iliyo chini yake. Aliye kichwani ndiye anayehesabu, na kwa "tatu" mwili wote unageuka kama gogo: mabega na nyonga vinafika pamoja. Nyonga zikitangulia, mgongo umepinda, na ndipo kidonda na skrubu vinapoumia. Mto wa pili huegemezwa mgongoni, wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie.

Kagua ngozi kila mgeuko: juu ya makalio, nyonga, visigino. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta pahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu kuliko pembeni yake. Ukipaona, asilalie tena hapo.

Kuketi daktari anaporuhusu: ageuzwe ubavu ukingoni mwa kitanda, miguu ishuke, ajisukume kwa kiwiko huku wewe umetegemeza mabega. Mikono isivutwe.

## Hatua ya 9: Wiki 6 hadi 12 nyumbani

Asibebe kinachozidi kilo 5. Dumu la lita 5 ndio mwisho, na ndoo ya lita 20 isahaulike. Asipande bodaboda. Asiiname wala kuchuchumaa: choo cha shimo kiwekewe kiti. Anayeswali aswali ameketi, rukuu na sujudu kwa ishara ya kichwa.

Choo kigumu ni adui mkubwa, maana kujikamua kunapandisha shinikizo la maji ya uti wa mgongo. Maji ya kutosha, papai, mboga, na dawa ya kulainisha ukipewa.

Kidonda kibaki kikavu mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14. Usipake asali, spiriti wala unga wa kidonge. Kama umepewa deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kupunguza kuvimba), imeze baada ya kula na usiikatishe ghafla, mwili huwa umezoea kuitegemea.

Maumivu ya neva hupoa kwanza, nguvu hufuata, ganzi huja mwisho au hubaki. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo unyayo unaweza kusubiri miezi. Mazoezi ya viungo yaanze tangu wodini: kifundo cha mguu kikunjwe na kunyooshwa kila siku, kisije kikakakamaa kikielekea chini kabla nguvu haijarudi.

## Hatua ya 10: Majibu ya patholojia na ufuatiliaji

Kabla ya kuruhusiwa, hakikisha kinyama kimepelekwa maabara na una namba yake. Majibu yaseme ni shwanoma, neurofibroma au kingine. Yakitaja seli zisizo za kawaida au saratani ya ala ya neva, mpango wote unabadilika, hivyo usiyaache yakakaa maabara.

MRI ya kwanza hufanyika kwa kawaida mwezi wa 3 hadi wa 6, ikipigwa kwa kontrasti ileile, kisha kila mwaka kwa miaka ya mwanzo. Uliotolewa wote hurudi mara chache. Penye mabaki, ratiba huwa ya karibu zaidi. Mwambie wa radiolojia kuna vyuma vya titani: haizuii kipimo, ila hutia ukungu kwenye picha.

Mwisho, vua shati mtazamane. Mabaka 6 au zaidi ya rangi ya kahawa yenye maziwa, yanayozidi milimita 15 kwa mtu mzima au 5 kwa mtoto, na vinundu laini vingi vya ngozi, huashiria neurofibromatosisi aina ya kwanza. Kupungua kusikia masikio yote mawili huweza kuashiria aina ya pili. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi, kwa hiyo watoto nao wapelekwe wakaguliwe ngozi, macho na masikio wakati bado wanakimbia bila kulalamika.